Vitofali vya Maji vya Mkuyuni

Siku ya kuniaga kazini, baada ya keki na hotuba ambazo sitazirudia hapa kwa sababu zilimsifu mtu nisiyemfahamu, vijana wa chumba cha mitambo walinivuta pembeni. Walikuwa na maboksi matatu mezani. Ndani ya kila boksi mlikuwa na kitofali cha maji, yaani kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa ya kompyuta, maji yakapita ndani yake na kuondoka na joto. Prosesa za siku hizi zina viini vingi, kila kiini kinafikiri peke yake na kila kiini kinatoa joto lake, kwa hiyo feni peke yake inazidiwa. "Mama Getruda," wakaniuliza, "wewe umeishi na mambo ya baridi maisha yako yote. Kipi bora hapa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakadhani swali limenizidi umri, mmoja akaenda kuniletea maji ya kunywa. Hawakujua kwamba swali hilohilo niliwahi kugombana nalo Mkuyuni, miaka ile ya tisini, wakati prosesa ilikuwa na kiini kimoja tu na hicho kimoja kilitutoa jasho. Niliahidi kuwaandikia. Sasa nimestaafu, nina meza yangu hapa Pasiansi na hakuna anayenipigia simu kwamba chumba kimepata joto, basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nitaeleza nilivyoanza, na aliyenifundisha, na jinsi vile vitofali vyetu vilivyopatikana.

Nilianza kazi kwenye shirika la umma lililokuwa na maghala ya baridi ya samaki kando ya ziwa. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu, nikakunja miguu yake mara kadhaa, nikafika getini. Mlinzi akanielekeza jikoni. Nikamwambia mimi ni fundi mpya wa mitambo ya baridi. Akanielekeza jikoni tena, safari hii kwa sauti kubwa, akidhani sisikii vizuri.

Aliyeniokoa ni Mzee Masalu, fundi mkuu wa zamu, Msukuma wa Misungwi, mtu ambaye hakujua kumdharau mtu wala kumsifu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama ovaroli yangu kwa muda, kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye bomba kubwa nyuma ya ghala.

"Kalibu kazini. Weka mgongo wa mkono hapa. Unasikia nini?"

"Moto, mzee."

"Na hapa mwishoni?"

"Vuguvugu."

"Joto limekwenda wapi?"

Nikasema baridi ya maji ya ziwa imeliua. Akatikisa kichwa. "Hakuna kitu kinaitwa balidi, binti yangu. Kuna joto tu. Linakaa au linaondoka. Kazi yetu ni kulifungulia njia liondoke. Basi."

Vijana wangu, hilo ndilo somo lote la kazi yetu, yaliyobaki ni spana. Na mgongo wa mkono si mbwembwe. Kiganja cha fundi kina sugu, hakisikii vizuri. Tena ukigusa kitu chenye umeme kwa kiganja, vidole vinajikunja vyenyewe na kung'ang'ania, lakini mgongo wa mkono hurudi kwako. Nimewaona wengi wakigusa kwa kiganja, na wengine niliwatembelea hospitali.

Miaka ya mwanzo kazi yangu kubwa ilikuwa kusugua mabomba. Maji ya ziwa yanapoza vizuri sana lakini huja na wageni wake: mchanga, ukijani, na vikonokono ambavyo vikipata bomba lenye kivuli huoana humo na kuanzisha kijiji. Bomba pana lilivumilia. Bomba jembamba liliziba wiki hiyohiyo uliyolisifu. Nililalamika sana kuhusu kusugua, maana nilikuwa nimesoma chuo cha ufundi na nilitaka kushika gesi na mageji ya presha. Mzee Masalu alinijibu kwa kunipa brashi mpya.

Kisha ukaja wakati wa kubinafsisha. Shirika likaanza kuyumba, ghala moja likazimwa, la pili likafuata, na siku moja tukaitwa ukumbini tukaambiwa tumepunguzwa. Mzee Masalu akainua mkono kuuliza nani atazima mtambo wa mwisho, kwa sababu ukizimwa vibaya utaharibika. Akaenda kuuzima mwenyewe, kwa utaratibu wake wote, akafunga valvu moja baada ya nyingine, nikiwa namshikia tochi. Nililia kidogo. Yeye aliniuliza kama nimefunga valvu ya chini.

Lakini wakati uleule uliotufungia mlango ulifungua mingine. Mjini kulifurika majokofu ya mitumba kutoka ng'ambo, yakishushwa na wafanyabiashara kila wiki, na karibu kila moja lilikuwa linaumwa. Viwanda vipya vya minofu vilikuwa vinajengwa. Mzee Masalu na mimi tukapanga kibanda cha mabati Mkuyuni, katikati ya muuza mbao na fundi redio aliyeitwa Juma, na tukaandika ukutani FUNDI MAJOKOFU. Wateja waliingia, wakanipita, wakamwamkia mzee na kumweleza tatizo. Yeye aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia, "Sasa mwambie fundi," na kuninyooshea kidole. Furaha ya siku zile siwezi kuieleza vizuri. Tulikuwa hatuna bosi, tulikuwa na mtungi wa gesi, na kila jokofu lililoanza kunguruma lilikuwa sikukuu.

Ndipo akaja Mama Koku.

Mama Koku alikuwa Mhaya wa Bukoba, mpiga chapa wa shirika letu lilelile. Alipiga chapa bila kutazama vidole, huku akikugombeza kwa kuchelewesha ripoti. Alipopunguzwa, kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye kitu kimoja: kompyuta. Wenzake walinunua ng'ombe, au bati za nyumba, au waliingia kwenye biashara ya dagaa. Yeye alifungua chumba upande wa pili wa barabara kutoka kwetu, akaweka kompyuta, printa ya pini na mashine ya kurudufu, na akaanza kuchapa kadi za michango ya harusi, barua za maombi ya kazi, na mitihani ya shule. Kaka yake wa Bukoba, Deogratias, alimwambia wazi kwamba amenunua redio isiyoimba. Walikubaliana hivi: mashine ikifa, Mama Koku atafunga, ataiuza kwa chochote, na atarudi Bukoba na mwanawe kuishi kwa kaka.

"Na mimi Bukoba naipenda," aliniambia, akiwa amesimama mlangoni kwetu na kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu anayekwenda vitani. "Lakini kwenda kuishi nyumbani kwa wifi yangu, niombe ruhusa ya kuchemsha chai? Waitu! Getruda, njoo uitazame mashine."

Tatizo lilikuwa vijidudu vya ziwani. Mwenyeji wa Mwanza hahitaji maelezo, lakini kwa vijana waliohamia: kuna siku ziwa linatoa wingu la vidudu vidogo mno, linasogea ufukweni kama moshi, na kila penye taa wanaingia. Hawaumi. Wanajaa tu. Feni ya kompyuta ya Mama Koku iliwanyonya kwa furaha yote, wakakwama kwenye mapezi ya chuma juu ya prosesa, wakachanganyika na vumbi la muuza mbao, na kikawa kitu kama blanketi. Prosesa ikapata joto, kompyuta ikaganda. Kwa fundi wa majokofu kuganda ni habari njema. Kwa Mama Koku ilikuwa kurasa zilizopotea.

Alikuwa ameshafunika mashine kwa chandarua. Chandarua kikaziba jioni moja, hewa ikakosa njia, ikawa mbaya zaidi. Na alikuwa na kazi kubwa mkononi: mitihani ya majaribio ya shule kadhaa za Misungwi. Mwalimu Sospeta wa Usagara ndiye aliyewaunganisha walimu wenzake wakampa kazi ile, na angekuja kuichukua Jumamosi. Kazi ikitoka vizuri, shule zile zingekuwa zake kila muhula. Isipotoka, Deogratias tayari alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja na meli Jumamosi hiyohiyo kumsaidia kufunga mizigo. Mtu mwema, Deogratias. Alishaanza hata kumtafutia mteja wa kompyuta.

Mzee Masalu alilitembelea lile boksi la kompyuta, akaweka mgongo wa mkono juu yake, akafikiri. "Hewa ndiyo inaleta wadudu," akasema. "Tuifungie hewa."

"Mzee, bila hewa itaiva."

"Tulipatie joto njia nyingine. Maji."

Basi tukaifunga. Tulitumia mipira ya milango ya majokofu mabovu, ile yenye sumaku, tukaziba kila upenyo, hata pa kuingizia flopi tukaweka kipande kinachofunguka na kujifunga. Kile kisanduku cha umeme chenye feni yake tulikitoa nje, Mama Koku akawa anakipiga brashi mwenyewe. Ndani alibaki mgonjwa mmoja wa kweli, prosesa. Juu yake tungeweka kipande cha shaba chenye maji yanayopita. Dumu moja la maji tungeliweka juu, kwenye rafu karibu na dari, mpira mwembamba ushuke hadi kwenye kipande, kisha utoke hadi kwenye dumu la pili chini. Pampu hatukuwa nayo. Likiisha la juu, unanyanyua la chini na kumimina tena.

Swali likawa hilo mliloniuliza ninyi: kitofali gani?

Mzee Masalu alitengeneza chake kwa bomba la shaba la jokofu, akalizungusha kwa ndani kama konokono, akaliunganisha kwa fedha ya kuchomelea juu ya bamba. Kilikuwa kizito na hakikuwa na sura. Mimi, niliyesoma, nilichukua bamba nene la shaba, nikalichana mifereji myembamba kwa msumeno wa chuma, mfereji kando ya mfereji, nikalifunika kwa bamba jingine. Mifereji mingi maana yake maji yanagusa shaba sehemu nyingi, na joto linapata milango mingi. Ilinigharimu vidole viwili vyenye plasta, lakini kilikuwa kizuri, ningeweza kukivaa shingoni. Cha tatu kilitoka kwa Bwana Kanti, muuza vipuri wa siku nyingi pale mjini, aliyekuja kutuuzia bomba na akakaa kutazama. Alisema shaba ni mambo ya zamani, akatupatia kipande cha alumini kutoka kwenye friza ya sahani, ile inayogandisha samaki katikati ya mabamba, chenye njia za maji tayari ndani. "Chepesi, safi, hapana lazima choma sana. Kikishinda, nyinyi nunua kwangu daima. Kikishindwa, mimi leta kreti ya soda."

Tukavishindanisha asubuhi moja mbele ya kibanda, na muuza mbao akafunga kazi yake ili aone. Prosesa ya Mama Koku hatukuigusa. Tulichukua solda ya umeme ya Juma fundi redio, ile anayolehemia nyaya, tukaibana kwenye kipande cha shaba ukubwa wa ukucha wa dole gumba, hicho ndicho kikawa prosesa yetu ya mtihani. Maji yalikuwa yaleyale, kutoka dumu lilelile kwenye kimo kilekile. Hapo msifanye mzaha, vijana. Ukibadilisha mambo mawili kwa mpigo, hujashindanisha kitu, umecheza tu.

Kipimajoto tulikuwa nacho, lakini Mzee Masalu hakukiamini, kwa kuwa kinakwambia sehemu moja tu. Akatoa mfukoni kichupa cha samli kutoka kwao. Alidondosha vitone vya samli juu ya kila kitofali, safu kwa safu, kuanzia maji yanapoingilia mpaka yanapotokea. Samli ikibaki nyeupe, pale joto linaondoka. Ikiwa maji ya dhahabu, pale joto limekaa. Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, kwa sababu kwa jicho moja unaona kitofali chote kinavyofanya kazi. Kwenye cha alumini, upande mmoja ulibaki mweupe na mwingine ukayeyuka wote, maji yalikuwa yanapita njia moja ya mkato na kuziacha nyingine. Halafu kikaanza kuvuja kwenye maungio, kwani alumini haikukubali fedha yetu ya kuchomelea. Bwana Kanti akaagiza soda bila kuambiwa. Konokono cha mzee kilishika weupe katikati, kikayeyusha pembeni. Changu kilibaki cheupe chote, kona hadi kona.

Niliruka. Sioni aibu kusema, niliruka na ovaroli yangu mbele ya wanaume wote wa mtaa ule. Mzee Masalu alikunywa soda yake, akasema, "Kimepoza."

Juma aliuliza kwa nini tusiweke barafu kwenye dumu, viwandani inapatikana bure. Hilo nililikataa mara moja. Shaba ikiwa baridi kuliko hewa inatoka jasho, na jasho hilo linadondoka kwenye umeme. Maji ya kawaida ya bomba yanatosha. Mnaopenda kuona nyuzijoto zikishuka ili mpige picha, mkumbuke jasho.

Tukafunga kitofali changu kwa Mama Koku. Sasa kati ya kitofali na prosesa lazima pawe na kitu laini cha kujaza vipenyo, maana vyuma viwili hata vikiwa bapa vinagusana kwa nukta tu. Sisi kwenye majokofu tulikuwa tunajaza grisi, na siku ile grisi ilikuwa imeisha. Mzee Masalu akatazama kichupa chake. Mimi nikamtazama mzee. Samli imetusaidia asubuhi, itashindwaje mchana? Tukapaka samli.

Kwa siku moja mashine ilikwenda vizuri ajabu. Mama Koku alipiga chapa Jiografia yote huku akiimba. Siku ya pili akaja mbio kwetu, kitambaa kimeshuka shingoni.

"Getruda! Mashine inanukia chapati!"

Tulipofungua boksi, harufu ilitupiga usoni. Samli ilikuwa imeyeyuka, imetiririka kwenye ubao wa umeme, na sisimizi walikuwa wamepata habari. Walikuwa wameingia kwenye tundu la mpira wa maji, mstari mmoja wanakwenda, mstari mwingine wanarudi, wamenenepa. Tuliwazibia njia wadudu wa ziwani tukawaandalia karamu wadudu wa nchi kavu. Mzee Masalu alichungulia muda mrefu, akasema, "Samli nzuli hii. Imetoka kwa dada yangu." Mama Koku alikuwa na kila sababu ya kutufukuza. Badala yake alianza kucheka, akashika ukuta, tukacheka sote watatu mpaka muuza mbao akaja kuuliza kuna nini. Kisha Mama Koku akaacha ghafla na kusema kwa sauti ndogo, "Lakini keshokutwa ni Jumamosi."

Tulisafisha ubao kwa spiriti na mswaki. Juma ndiye aliyetupatia dawa ya kweli, ile nyeupe ya kopo wanayopaka mafundi redio chini ya transista. Haiyeyuki, haina harufu, na sisimizi hawaitaki. Ilikuwa mita chache kutoka kibandani kwetu siku zote zile. Sijui kwa nini hatukuuliza. Nadhani kila fundi anaamini jirani yake anafanya kazi ya kitoto.

Nikarudisha kitofali changu, nikafungua maji. Yakadondoka tone, tone, kisha hayakutoka. Nilikifungua. Ile mifereji yangu myembamba, niliyoichana kwa vidole viwili vya plasta, ilikuwa imejaa ukijani na mchanga laini. Maji ya bomba wiki ile yalikuwa ya mgao, yalitoka na ziwa lote ndani yake. Yaani miaka yote ile ya kusugua mabomba sikuwa nimeelewa nilichokuwa nasugua.

Ningeweza kuchuja maji kwa kitambaa, ningeweza kupanua mifereji, nilikuwa na mawazo mengi mazuri, lakini nilikuwa natazama uso wa Mama Koku. Nikaenda kibandani, nikachukua konokono cha mzee kisicho na sura, nikakifunga mwenyewe. Maji yakapita yakiimba. Prosesa ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko ilipokuwa chini ya kitofali changu, lakini joto lile ililivumilia, na kwenye bomba lile pana mchanga ulipita ukaenda zake.

Kwa hiyo jibu lenu, vijana, ni hili. Kitofali kinachoshinda mezani kipewe heshima yake. Halafu uliza kitaishi na maji gani, nani atakisafisha, na mara ngapi kweli, siyo mara ngapi amesema. Ndipo uchague.

Jumamosi ilifika na wingu. Tuliliona asubuhi juu ya ziwa, la kijivu, likija, na kufikia saa za kazi lilikuwa mjini. Wenye maduka walifunga milango. Ofisi nyingine ya uchapaji iliyokuwa jirani na soko ilizima mashine zake. Kwa Mama Koku vidudu vilijaa ukutani, mezani, kwenye chai, vikatambaa juu ya boksi letu na kutafuta pa kuingilia, na ile mipira ya majokofu ikavikatalia. Ndani, kompyuta ilifanya kazi. Printa ya pini ilikuwa imeondolewa utepe ili itoboe stensili, ile karatasi ya nta, ikalia kwa sauti yake ile kali, na stensili moja baada ya nyingine ikahamia kwenye mashine ya kurudufu. Mzee Masalu alikaa na mkono wake juu ya mpira unaotoka, akisikiliza joto. Mimi nilikuwa nazungusha mashine ya kurudufu, wino hadi kwenye nyusi. Mwalimu Sospeta alishafika kutoka Usagara, amekaa kwenye benchi akihesabu Kiswahili, Hisabati, Historia. Ilibaki Baiolojia.

Ndipo mlangoni akasimama Deogratias, ametoka bandarini, suti ya kijivu, vidudu mabegani, na kamba mpya za kufungia mizigo zimeviringishwa mkononi. Mama Koku hakuinuka. Vidole havikusimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Leonia." Akatazama chumba, mipira, madumu, mzee aliyeshika bomba, mwanamke mwenye wino usoni. "Nimekuja kama tulivyosema. Meli inarudi jioni. Nianze na kipi?"

Wakati huohuo dumu la juu likakoroma. Maji yalikuwa yamefika mwisho. Mimi mikono yangu ilikuwa ya wino, mzee alikuwa haruhusiwi na mgongo wake kunyanyua, na Baiolojia ilikuwa nusu.

Mama Koku akaonyesha dumu la chini kwa kidevu, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Umekuja kubeba, kaka. Beba maji."

Nilidhani Deogratias atageuka. Alitazama lile dumu, akamtazama dada yake, vidole vyake vinavyokimbia vyenyewe kama zamani za shirika, akaiona stensili ikitoka na maneno yamenyooka. Akaweka kamba juu ya benchi. Akavua koti, akampa Mwalimu Sospeta alishike. Akanyanyua dumu hadi begani, akapanda kwenye stuli, akamimina. Maji yakashuka tena kwenye mpira. Mzee Masalu akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Alimimina tena lilipoisha, na tena, bila kuambiwa, na mara ya mwisho alikuwa ameshakunja mikono ya shati na kuuliza kwa nini dumu la juu lisiwe kubwa zaidi. Mwalimu Sospeta alipoondoka na mabunda yake kwa ajili ya Usagara, aliagana na Deogratias akimwita fundi.

Jioni tulimsindikiza Deogratias hadi bandarini. Aliondoka na koti lake mkononi. Dada yake alibaki Mkuyuni.